Steringi Hafi, Anabadilishwa Sura

Kila mtoto aliyekulia kwenye vibanda vya muvi nchini Kenya anajua sheria moja: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi saba, aruke kutoka ghorofa ya ishirini, abaki na vesti iliyochanika mgongoni, lakini hafi. Ukiona amekufa katikati ya muvi, basi huyo hakuwa steringi, ulikuwa umemtazama mtu asiye. Hata DJ Afro, anayetutafsiria muvi za kupigana kwa Kiswahili chake cha mtaa na kuongeza maneno ambayo mwigizaji hakuwahi kuyasema, hajawahi kupata ruhusa ya kumuua steringi.

Halafu kuna Doctor Who, sirizi ya Waingereza ambayo imeishi kwa kuivunja sheria hiyo na kuitii kwa wakati mmoja. Steringi wake, Daktari, ni kiumbe kutoka sayari nyingine. Ana mioyo miwili na anasafiri kwenye wakati ndani ya sanduku la polisi la rangi ya samawati ambalo ndani ni kubwa kuliko nje. Akikaribia kufa, mwili wake unawaka mwanga na anatokea mtu mwingine. Ana sura mpya, sauti mpya, vituko vipya, lakini kumbukumbu ni zilezile na jina ni lilelile. Kwa hiyo steringi amekufa na steringi hajafa. Mashabiki wamegombana juu ya jambo hili tangu 1966.

Nimekuwa mmoja wa mashabiki hao tangu nikiwa shule ya msingi Mogogosiek, kule Konoin, kaunti ya Bomet, mahali ambapo ukiamka asubuhi unaona chai, ukungu, kisha chai tena. Niseme wazi nilichokuja kusema: kila steringi anapobadilishwa, mashabiki hawamkasirikii mgeni kwa sababu ya uigizaji wake. Wanamdai. Mgeni hulipa deni la yule aliyeondoka. Nimeliona hilo kwenye skrini, na nimeliona kwenye foleni ya kupima chai.

Tuanze na skrini.

Sirizi ilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, na Daktari wa kwanza alikuwa mzee William Hartnell. Miaka mitatu baadaye afya yake ilikuwa imezorota na hangeweza kuendelea. Kwa kawaida hapo ndipo duka hufungwa. Lakini waandishi walikumbuka kwamba mtu wao si binadamu, kwa hiyo hakuna aliyesema lazima mwili wake uishe kama yetu. Oktoba 1966 Hartnell akaanguka sakafuni na Patrick Troughton akaamka. Ndiyo hivyo tu. Ugonjwa wa mtu mmoja ukageuka kuwa sheria ya ulimwengu mzima wa kubuni. Tangu hapo wamepita wengi: Jon Pertwee, Tom Baker na skafu yake ndefu, na wengine mpaka sirizi ikasimamishwa 1989. Iliporudi Machi 2005, Daktari alikuwa Christopher Eccleston mwenye koti la ngozi, na yeye akakaa vipindi 13 peke yake.

Hao wa 2005 ndio waliofika Mogogosiek, na hawakufika mapema. Walifika kama miaka minane baadaye kwenye CD iliyoandikwa kwa kalamu ya maka, kutoka kwa jamaa wa duka la muvi pale sentani ambaye alikuwa akituuzia chochote alichopakua, bora kijae. Nilikuwa nimeomba muvi ya Jackie Chan. Nikapewa Mwingereza mwenye masikio makubwa.

Baba ndiye aliyenasa kwanza. Baba yangu alikuwa mkulima mdogo wa chai, mtu wa maneno machache, na jioni alipenda kuketi kwenye kiti chake karibu na mlango akiwa bado na gambuti miguuni. Nilikuwa nikimtafsiria. Alimpenda Eccleston kwa sababu, alisema, huyu mtu anaonekana amewahi kufanya kazi. Kisha tukafika kipindi cha 13, mwanga ukatoka mikononi na shingoni, na David Tennant akasimama pale akilalamika kuhusu meno yake mapya. Baba akanyamaza kidogo, akauliza, "Mbona wamebadilisha steringi?" Nikaeleza. Akasema, "Huyu si yeye," akaenda kufunga ng'ombe.

Wiki mbili hivi hakuja kuangalia. Alikuwa akipita nyuma yetu kama mtu anayetafuta kitu. Siku moja akasimama mlangoni akauliza, kana kwamba anauliza bei ya maharagwe, "Yule kijana bado anakimbia?" Akaketi. Tennant alipoondoka miaka mitatu ya sirizi baadaye, baba alimkataa Matt Smith kwa hasira mara mbili ya ile ya kwanza, akisema sasa wameleta mtoto. Naye akampenda.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma hasira za mashabiki wengine kwenye simu, hakuna kilichonishangaza. Tarehe 16 Julai 2017 BBC ilitangaza kwamba Daktari wa kumi na tatu angekuwa mwanamke, Jodie Whittaker, na watu wazima wakaandika kana kwamba wameibiwa ng'ombe. Kiumbe mwenye mioyo miwili walikuwa wamemkubali. Sanduku linaloruka kwenye wakati walikuwa wamelikubali. Mwanamke, hapana, hiyo sasa haiwezekani. Wengine walijificha nyuma ya hoja nzuri zaidi, kwamba shida ni waandishi. Na kweli baadhi ya vipindi vyake viliandikwa vibaya. Lakini hukumu ilikuwa imetoka kabla hajasema neno hata moja.

Mtu wa kwetu aliyeelewa jambo hili bila kuelezwa ni kogo, mama yake baba. Kogo hajui Kiingereza na hana haja nacho. Siku moja alikuja kuota moto akakuta Daktari anawaka na kubadilika kwenye televisheni yetu ya inchi 14. Akatazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kipsigis: amepiga chafya?

Kama hutoki kwetu, nikueleze. Mtoto wa Kipsigis akizaliwa, wazee huita majina ya waliokufa wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Hilo jina tunaliita kurenet. Zamani walisaidia kidogo kwa tumbaku ya kunusa, lakini tusiharibu hadithi. Mimi nilipiga chafya kwa jina la mama yake babu, yaani mama mkwe wa kogo. Kwa hiyo kogo akitaka kunitania hunisalimia kwa heshima zote na kuniuliza kama leo nimeridhika na jinsi anavyopika. Ameishi na mama mkwe mmoja mara mbili.

Watu waliokulia katika desturi hiyo hawana shida na Doctor Who. Hata marika yetu yanazunguka: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na mengine, jina linapita, linazunguka, linarudi kwa vijana wengine. Hakuna anayesema hawa si Maina halisi kwa kuwa wale wa zamani walikuwa warefu zaidi. Na hakuna anayenitaka nitembee kama mama mkwe wa kogo. Jina lilirudi, na mtu ni mpya. Waingereza iliwachukua mgonjwa mmoja na kikao cha waandishi kufika hapo.

Lakini si kila kiti hukaliwa tena. Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, Papa Shirandula alienda naye. Hakuna aliyevalishwa yale mavazi ya bawabu na kuambiwa sasa wewe ndiye Papa, na nadhani hakuna Mkenya ambaye angekubali. Mwezi uliofuata akafariki Chadwick Boseman, na Marvel wakaamua T'Challa asipewe sura nyingine. Wakamzika ndani ya muvi yenyewe, Wakanda Forever ya Novemba 2022, na Lupita wetu akiwa mmoja wa waombolezaji. Nililia ukumbini kama mtu aliyefiwa.

Kwa hiyo kuna njia tatu: unafunga duka, unaacha kiti wazi, au unaketisha mtu mwingine. Zote zina heshima yake. Ila ile ya tatu ndiyo pekee inayomweka mtu hai mbele ya watu wenye huzuni na kumwambia, haya, fanya kazi.

Mei 2022 lilitangazwa jina la Ncuti Gatwa. Nilisoma mara tatu. Mzaliwa wa Kigali, Oktoba 1992. Familia yake ilikimbia mauaji ya kimbari ya 1994 ikahamia Scotland, naye akakulia huko. Kabla ya Sex Education kumpa jina 2019, aliwahi kulala kwa marafiki London kwa kukosa pango, na amelisema hilo hadharani. Jo Martin alikuwa ametangulia kuonekana kama Daktari mweusi Januari 2020, lakini kama mgeni wa vipindi vichache. Huyu alipewa funguo zote. Mtu wa Afrika Mashariki, bana. Kutoka Kigali hadi kwetu si mbali kuliko kutoka kwetu hadi Lamu, ukiliangalia kwa jicho la jirani.

Habari hiyo ilinikuta nyumbani Mogogosiek. Nilikuwa nimeacha chuo kikuu mwaka wa pili, 2021, baba alipougua. Hesabu ilikuwa fupi: pesa ya karo na pesa ya hospitali zilikuwa pesa moja, na ilikuwa inatoka kwenye majani yaleyale. Nilianza kuandika makala za kulipwa kwa simu usiku, na mchana nikachuna chai. Nilimwonyesha baba picha ya Gatwa kitandani. Akaitazama sana. Akasema, "Huyu atakimbia vizuri." Ilikuwa mara ya kwanza kumkubali mtu bila kupita ile wiki mbili. Hakumwona akikimbia. Alifariki Novemba mwaka huo, na Gatwa akaonekana kwa mara ya kwanza Desemba 2023.

Sasa tuje kwenye foleni ya chai.

Mkulima wa chai kwa KTDA ana nambari. Unapeleka majani kituoni, karani anatundika gunia kwenye mizani, risiti inatoka na nambari, jina na kilo. Mwisho wa mwezi pesa inaingia kwa nambari, na mbolea inaagizwa kwa nambari. Bonasi ikija, inakuja kwa nambari pia. Mtu akifa, nambari haifi. Majani yanaendelea kuota, hayajui kama kuna matanga. Kwa hiyo wiki moja baada ya mazishi nilisimama kwenye foleni na gunia langu, karani akaita jina la baba, na kwa sekunde chache hakuna aliyejibu. Kisha nikasema, niko.

Foleni yote ikageuka.

Hawakuwa wabaya. Wengi walikuwa kwenye mazishi na walichanga. Lakini nilianza kusikia ile sauti niliyoizoea kwenye simu. Baba yako alikuwa anafika kabla ya saa nne. Baba yako hakuwa anachuna jani la tatu. Kumbe hata gunia lake alikuwa analifunga hivi. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba kazi hii si ya mtu wa chuo, na dakika tano baadaye mwingine akaniambia si ya mtu aliyeacha chuo. Baba mdogo naye, ambaye nampenda na aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akasema nyumbani mbele ya mama kwamba nambari iwekwe kwa ndugu yangu. Ndugu yangu alikuwa na miaka kumi na moja. "Wewe utaolewa," akaniambia, "na nambari itaolewa na wewe."

Nilitaka kumjibu kwa Katiba ya 2010, ibara ya 60, inayosema wazi kwamba ubaguzi wa kijinsia katika mila zinazohusu ardhi uondolewe. Ninayo kwenye simu. Lakini nilipomtazama nilimwona baba pale mlangoni akisema huyu si yeye. Baba mdogo alikuwa amempoteza kaka yake. Hangeweza kumkasirikia kaka kwa kufa, wala figo, wala hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mahali pa kaka yake nikiwa na gunia. Alikuwa ananidai.

Kuelewa si kukubali, lakini. Mama alichukua barua ya chifu yenye majina yetu wote, akaenda mahakamani Bomet kuomba awe msimamizi wa mali, na mimi na ndugu yangu tukaandikwa kama watoto, bila mmoja kuwa mtoto zaidi ya mwingine. Tangazo likachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Sheria inatoa siku 30 kwa mwenye pingamizi kujitokeza. Zile siku 30 nilizihesabu kuliko nilivyowahi kuhesabu siku za kufungua shule.

Ni kwenye kipindi hicho nilianza kumwangalia Gatwa. Disney+ waliokuwa wakiionyesha sirizi nje ya Uingereza hawakuwa wamefika Kenya, kwa hiyo ilikuja kwa njia ileile ya zamani, isipokuwa sasa ni flashi badala ya CD. Nilichojifunza kwake ni kwamba hakujaribu kumwigiza Tennant. Alilia alipotaka kulia, alibadilisha nguo kila kipindi wakati wenzake walikuwa na suti moja ya kudumu, alicheza dansi. Kuna kipindi cha Mei 2025 kilichoandikwa na Inua Ellams, mzaliwa wa Nigeria, ambapo Daktari anaingia kinyozi Lagos na kila mtu anamjua. Miaka zaidi ya sitini ya sirizi, na hatimaye steringi anaketi kinyozi cha Waafrika kama mtu wa nyumbani. Niliirudia kile kipindi mara nne.

Asubuhi iliyofuata niliacha kufunga gunia kama baba. Yeye alikuwa anazunguka shamba kwa siku kumi na nne, mimi nikaanza siku nane, na jani likawa changa zaidi, majani mawili na chipukizi kama kiwanda kinavyotaka. Gambuti zake, zilizokuwa kubwa kwangu kwa namba mbili, nilimpa jirani. Nilinunua zangu, za njano. Foleni ilicheka, kisha ikazoea.

Wiki tatu tu baada ya kile kipindi cha Lagos, tarehe 31 Mei 2025, Gatwa aliwaka mwanga akaondoka. Misimu miwili ya vipindi vinane vinane na Krismasi mbili, basi. Aliyetokea ni Billie Piper, aliyekuwa Rose, rafiki wa Daktari, kule 2005 kwa Eccleston, na majina ya mwisho hayakusema hata kama yeye ndiye Daktari. Nilikasirika. Nilikaa kitandani nikiandika ujumbe mrefu kwa rafiki yangu Nairobi kwamba mtu wetu hakupewa muda, kwamba ukiwa mweusi unapewa kiti kikiwa tayari kinayumba, na kwamba huyu Billie Piper hanihusu. Hoja mbili za kwanza bado nazishikilia. Ya tatu niliifuta kabla ya kutuma. Huyo mama hakuwa amefanya lolote zaidi ya kutabasamu.

Oktoba 2025 BBC ilitangaza kwamba Disney wamejiondoa, na kwamba Krismasi ya 2026 kutakuwa na kipindi kilichoandikwa na Russell T Davies. Yeyote atakayetoka kwenye lile sanduku, nitampa wiki mbili za baba, kisha niketi.

Siku 30 za gazeti zilipita. Hakuna pingamizi lililoletwa. Baba mdogo hakusema alikuwa amebadili mawazo, na mimi sikumuuliza. Kwetu mambo kama hayo hayasemwi. Ila msimu wa kuagiza mbolea ulipofika alikuja asubuhi, akasimama nje ya uzio akiyatazama majani, akaniuliza nimeandikisha mifuko mingapi ya 26:5:5 kwa nambari yetu. Nikamwambia sita. Akasema baba yako alikuwa anachukua minane. Nikamwambia najua, lakini nimepima. Akafikiri kidogo, akauliza kama ninaweza kwenda naye kumpimia yake.

Jina kwenye risiti bado ni la baba, mpaka makaratasi yaishe. Karani akiita, najibu.